Tabaka la Saba

Ua la kwanza la asubuhi lilikataa kuzeeka.

Subilaga alilimaliza kabla chai yake haijapoa. Petali sita za zambarau, koo la njano, vinyoya kwenye ukingo, kivuli chini ya kila mkunjo. Kwenye kioo cha kuchorea lilikaa kama limechumwa sasa hivi, lina umande. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Nyuki hawalitaki ua lililonyooka hivyo. Hulizunguka mara moja wakaenda zao, kama watu waliokaribishwa kwenye nyumba inayonuka rangi mbichi.

Akabadilisha brashi. Alichukua ile aliyoitengeneza mwenyewe na kuiita mvua ya juzi, akaichafua petali ya chini. Nyingine akaitoboa kidogo, ionekane imetafunwa na panzi. Akafifisha tabaka la nne mpaka chavua ikaonekana imepanguswa na miguu ya wageni waliotangulia. Halafu akafungua tabaka la saba.

Tabaka la saba hakuna mtu anayeliona. Ni la rangi iliyo ng'ambo ya urujuani, ambayo jicho la nyuki linaisoma na letu linapita juu yake kama haipo. Programu ilimwazima Subilaga rangi ya kijivu ili ajue kalamu yake iko wapi. Kwa kijivu hicho alivuta mistari kutoka ukingoni hadi kooni, mmoja baada ya mwingine, kumwambia nyuki: huku, njoo huku, sukari iko huku.

Akahifadhi, akatuma.

Nje ya kioo kinene, katika uwanja ulio wazi juu, ukuta wa maua ulisisimka. Ulikuwa mrefu kama ghala la chai, umevikwa ngozi laini inayoinuka na kujikunja kufuata mchoro. Mahali palipokuwa tambarare pakavimba, pakafunguka petali sita, na kooni likajitokeza tone la sharubati na vumbi la chavua. Nyuki wa kwanza alitua kabla Subilaga hajameza funda la pili la chai.

"Dada Subi!" Sauti ya Tweve ilikwaruza kwenye spika. Tweve alikuwa fundi wa ukuta, mwanamume wa miaka hamsini na ushee aliyetembea ndani ya vazi jeupe la wavu na ndoo ya sharubati kila mkono. "Hilo la leo nalo lina surua?"

"Lina uzee. Wewe hujaona uzee? Si unajitazama kila asubuhi?"

"Mimi natazamwa, sijitazami."

Hivyo ndivyo walivyoamkiana kwa miaka sita, Tweve uwanjani na Subilaga ndani. Kituo cha Masola kilikuwa na watu hao wawili tu, na aliyeingia hakutoka mpaka mkataba wake wa miaka sita uishe. Sababu ilikuwa utitiri, vidudu vidogo kuliko chembe ya unga vilivyopanda juu ya nguo na nywele za watu na kuwaua nyuki mizinga mizima. Nguo alizoingia nazo Subilaga zilichomwa mlangoni. Madirisha yalipigwa ribiti. Hewa iliingia kwa bomba, chakula kwa kijidirisha chenye milango miwili na moshi katikati. Siku nyingine, akiegemeza paji la uso kwenye dirisha la mashariki, aliiona nyumba ya mama yake ng'ambo ya bonde, bati moja linalong'aa, mwendo wa saa moja kwa miguu. Pumzi yake ililiziba lile bati kwa ukungu. Akipangusa, linarudi. Akipumua, linapotea.

Mashine ilijaribiwa kwanza. Hiyo ilikuwa baada ya ile miaka miwili ya ukame na baridi iliyounguza, milima ilipobaki na majani makavu tu, na Shirika la Uchavushaji likaona kwamba nyuki wakiisha, maparachichi ya nyanda zote za juu yatabaki matawi. Mashine ilichora maua laki moja kwa saa na yote yalikuwa ndugu. Siku ya tatu nyuki wakaijua tabia yake, wakayasusa. Ulitakiwa mkono wa mtu, unaotetemeka, unaochoka saa nane mchana, usioweza kurudia kitu kilekile hata ukitaka. Wakampata Subilaga, aliyekuwa akichora maua ya kwenye vitenge kiwandani. Baadaye wakaleta wachoraji watatu wampokee. Nyuki waliyaonja maua yao kwa adabu, wakarudi kwenye yake.

Kwa hiyo mkataba ulipokaribia kwisha, hakuthubutu kuhesabu siku. Alijua watasema nini.

*

Meneja Mbilinyi alikuja Jumatano na kiti chake cha kukunja, akakaa nje ya dirisha la mashariki, akalikata lile bati katikati kwa kichwa chake.

"Shikamoo, mama mchoraji."

"Marahaba. Umenenepa."

"Barabara imefika hadi hapa chini. Sitembei tena." Akasogeza midomo kwenye kipaza sauti. "Mama, Jumatatu unatoka."

Subilaga alikuwa amesimama. Akaitafuta meza kwa mkono. "Jumatatu ipi?"

"Hiihii inayokuja. Pacha amekamilika."

Pacha ilikuwa programu waliyoilea kwa miaka minne, imekaa nyuma ya kalamu yake ikiandika kila mkandamizo, kila mtikisiko, kila alipositasita. Wiki tatu zilizopita, Mbilinyi alisema, walimpa Pacha robo ya ukuta bila kumwambia yeye. Nyuki hawakutofautisha.

"Tena walimpenda zaidi," akasema, na papo hapo akaona amekosea. "Samahani, mama."

"Sema tu. Kwa nini walimpenda zaidi?"

"Maana hachukui kila kitu chako. Anachukua yale maua yaliyotuliwa na nyuki wengi, anaanzia hapo. Kesho anaanzia pale alipofika leo. Kila siku anajizidi." Meneja alitabasamu kama anayesimulia mwanawe aliyeshinda mtihani. "Na milima imerudi! Umeiona? Maua kila mahali, wiki ya sita sasa hayajanyauka. Watu wanatoka mjini kuja kupiga picha."

Aliyaona. Ukingo wa bonde ulikuwa umeingia zambarau, naye alikuwa akilala na furaha hiyo.

"Nitatia saini Jumatatu," akasema.

Kwenye kazi ile hakuna aliyetia saini kwa jina. Jina yeyote anaweza kuliandika. Mchoraji alitia saini kwa kuchora mbele ya shahidi, bila kufuta hatua hata moja. Anayekabidhi alichora ua lililofunguka, na anayeendelea alichora tumba. Subilaga alikuwa na ua lake kichwani miaka yote sita.

*

Jumapili, baada ya ibada, mama yake alipanda kilima kama kawaida yake. Bi Tupokigwe alikuwa na miaka sabini na minane na hakukubali kushikwa mkono na mtu. Alibisha dirisha kwa pete, ingawa Subilaga alikuwa amesimama palepale akimwona.

"Kitanda nimekitandika. Godoro nimelianika siku mbili. Na usije ukaniambia huli ndizi, nimeshazikata."

"Nitakula na maganda, mama."

"Nimekuletea kitu. Uyaone ya kweli kabla hujasahau." Akachomoa kwenye mkunjo wa kitenge shina moja lenye ua la zambarau, petali sita, koo la njano. "Hili liko kaburini kwa baba yako. Nimelikuta palepale. Nililisalimia siku tulipomzika jirani yetu Anyosisye, na leo bado linanitazama. Maua ya siku hizi ni magumu, mwanangu! Zamani haya yalikuwa hayamalizi wiki."

"Anyosisye alizikwa lini?"

"Inakwenda wiki ya saba."

Subilaga alitazama ua. Lilikuwa zima kabisa. Petali hazikuwa na doa, chavua ilikuwa imejaa kooni, haijaguswa, kama sufuria ambalo halijapakuliwa. Lilikuwa limenyooka kama lile lake la asubuhi kabla hajalitia uzee.

"Mama, huko mlimani umeona vifuko vya mbegu?"

"Vya nini? Hapana. Ni maua tu, mengi."

"Hata kimoja?"

"Subilaga, mbona unanihoji kama polisi?"

Ua likishapata mgeni hufunga duka. Petali hulegea, chini yake huvimba kifuko, kazi imekwisha. Alilijua hilo tangu utotoni, akichuma pareto na mama yake huyuhuyu. Ua halikai wazi wiki saba kwa kuwa lina nguvu. Linakaa wazi kwa sababu bado linangoja. Milima yote ile, watu wakiipiga picha, ilikuwa imesimama mlangoni ikingoja wageni, na wageni walikuwa hapa kwake wakila.

"Liweke kwenye kijidirisha," akamwambia mama yake. Moshi ukalipuliza, mlango wa ndani ukafunguka. Lilikuwa la baridi mkononi mwake. Alikuwa hajashika ua kwa miaka sita.

*

Tweve alilifunga kwa uzi katikati ya ukuta, kati ya michoro miwili, wakatazama. Nyuki wakaja. Wakapita juu ya ua la kaburini wakatua kushoto kwake. Wakapita wakatua kulia. Mmoja aligongana nalo, akajipangusa uso, akaendelea na safari.

"Wamelidharau," Tweve akasema polepole. "Dada, hawa si huwa wanakwenda milimani? Nawaona wanaruka juu."

"Wanarudi baada ya muda gani?"

"Kidogo tu. Wanafika hapo kwenye mwerezi, wanageuka. Mimi nilidhani wananyoosha mbawa."

Subilaga alilielekezea kamera ya tabaka la saba. Mistari ya ua la kweli ilitokea kwenye kioo chake, kijivu, myembamba kama nywele za mtoto mchanga, mingine imekatika njiani. Akauweka mchoro wake kando. Mistari yake ilikuwa minene kama uzi wa kushonea gunia, inameremeta mpaka kooni.

Hakuna aliyemtuma. Ilikuwa mwaka wa pili, msimu wa baridi, nyuki walikuwa wakija wachache na wachovu, naye akaionea huruma ile safari yao. Akainenepesha mistari kidogo. Namba ya waliotua ikapanda, Mbilinyi akamletea keki kwenye kijidirisha. Akainenepesha tena. Kila mwezi kidogo, kwa mapenzi yale ya mtu anayemjazia mgeni sahani, mpaka nyuki waliozaliwa humo hawakujua tena kwamba ua hafifu nalo ni ua.

"Nimewaharibu," akasema.

Tweve aliweka ndoo chini. "Si Pacha anachukua kuanzia hapo ulipofika?"

"Hapo hapo. Na kila siku anajizidi."

Fundi alilitazama lile ua lililofungwa uzi, nyuki wakilipita. "Mimi niliingia humu kwa hiari," akasema mwishowe, "nilikuwa nakimbia wake wawili na kesi ya ng'ombe. Wewe una kwenu. Mama amekata ndizi. Ukitoka Jumatatu hakuna atakayekusema, maana hakuna anayejua."

"Wewe unajua."

"Mimi naweza kusahau. Nina kipaji."

*

Jumatatu alimweleza Mbilinyi yote, akamwonyesha mistari miwili kandokando. Meneja hakuwa mpumbavu wala mtu mbaya. Alijigeuza, kiti chake cha kukunja kikilia chini yake.

"Nikizima ukuta leo," akasema, "makundi elfu mbili yanakufa njaa kabla mwezi haujaisha. Hawatarudi kwenye maua ya mlimani kwa siku moja. Nani atachavusha maparachichi? Watu watakula picha?"

"Sikusema uzime. Pacha anaweza kufundishwa kuchora vibaya? Kidogo kidogo, unywele mmoja kwa siku?"

Mbilinyi alicheka kwa huzuni. "Nitamfundishaje? Anaenda kule nyuki wanakoenda, ndivyo alivyoumbwa. Shirika limelipenda hilo." Akafuta jasho. "Nitapeleka hoja juu."

Walikuwa wameshapeleka mengi juu. Madirisha yafunguke kwa wavu, hoja ilikwenda juu. Mama yake aruhusiwe kuingia na vazi la Tweve, ikaenda juu. Huko juu kulikuwa kumejaa.

"Mama, usijitese. Chora saini, mlango ufunguliwe. Hoja itaendelea."

Kioo cha kuchorea kilimulika mbele yake, kitupu. Kwenye kona alama ya Pacha ilikuwa ikipumua, inangoja. Nyuma ya kichwa cha meneja bati lilikuwa liking'aa, na karibu na bati kulikuwa na kitu cheupe: godoro, bado liko juani. Mama ameongeza siku ya tatu.

Alishika kalamu. Mkono wake ulikuwa unajua kinachotakiwa, ulikuwa umekichora ndotoni. Akaanza shina. Akafika mahali petali hugawanyika, mahali pa kusema limefunguka au halijafunguka, akasimama hapo, kalamu imegusa kioo, wino wa mwanga ukitanuka chini ya ncha yake.

Kisha akazifunga petali. Moja juu ya nyingine, kwa mbano, mpaka juu.

Mbilinyi aliinuka. "Hilo ni tumba."

"Naona."

"Mama, hilo ni miaka sita mingine! Halifutwi!"

"Mwanangu, ni mimi niliyelichora."

Hakumwambia zaidi. Angemwambia, Mbilinyi angelazimika kuandika, na kikishaandikwa kinakwenda juu. Mbilinyi alikunja kiti chake akisema wazee wengine huogopa jua wakizoea kivuli, akamwonea huruma mpaka machozi yakamlenga, akaondoka. Subilaga aliyameza hayo.

Kumwambia mama yake ndiko kulikomshinda. Jumapili Bi Tupokigwe alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na godoro niliingize ndani?" Kisha akakaa juu ya jiwe lililo chini ya dirisha, akampa mgongo mpaka jua lilipopinda.

*

Unywele mmoja kwa siku. Pacha alirudishwa kungoja, ukuta wote ukawa wake tena. Alipima upana wa mstari kila asubuhi, akaandika kwa penseli kwenye fremu ya dirisha mahali ambapo hakuna programu inayosoma. Mchana, mkono ulipotaka kukaza kwa mazoea, aliushika kwa mkono wa kushoto.

Mwezi wa pili nyuki walianza kusitasita. Wa tatu, alfajiri moja, aliwaona chini ya ukuta wamelala chali, si wengi, yapata gao moja, ujazo wa kiganja. Wazee waliochoka kutafuta. Alitaka kukimbia kalamuni anenepeshe kila mstari. Alikaa juu ya mikono yake mpaka hamu hiyo ikapita. Akamwomba Tweve asiwafagie, ili awe anawaona.

Mwezi wa tano Tweve alisimama mbele ya kioo na ndoo zake mbili.

"Dada, ndoo zangu zinarudi na sharubati. Robo nzima hainywewi."

"Unajua kwa nini."

"Najua. Na fomu ya wiki inaniuliza zimerudi na kiasi gani."

Walitazamana kupitia kioo. Hapo Tweve angeweza kumponza, wala si kwa ubaya. Kwa kuandika ukweli tu.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika nimemwaga." Tweve akakohoa. "Wiki tisa mfululizo. Makao makuu wameniletea barua wanauliza kama nina ugonjwa wa mikono. Nimewajibu ni uzee, dada yangu aliniambia nijitazame."

Akapindua ndoo moja, sharubati ikatambaa kwenye nyasi, taratibu, mbele ya macho yake.

Mvua zilikuja, zikapita. Mama alikuwa ameshaacha kumpa mgongo, ila alikuwa bado hajasema neno la kitanda. Mistari ya tabaka la saba ilifika wembamba wa uzi wa kawaida. Haikuwa nywele. Ilikuwa imebaki kazi ya miaka minne, labda mitano. Huko mlimani zambarau ilikuwa palepale, imesimama wima, inang'aa, na kila aliyeitazama aliisifia isipokuwa yeye.

Halafu ikaja Jumapili ambayo pete iligonga kioo kwa haraka, mara tano, sita. Bi Tupokigwe alikuwa hana pumzi. Kitenge kilikuwa kimemfunguka, amekishika kwa kiwiko.

"Nimekuja kukulalamikia," akasema. "Nimekwenda kwa baba yako. Tazama! Tazama walivyoniharibia ua langu!"

Alilibana shina juu ya kioo. Ua lilikuwa limekufa. Petali zilining'inia kama vitambaa vya kupigia deki, za kahawia, moja imetoboka, na chavua yote imepanguswa. Lilikuwa baya kuliko ua lolote ambalo Subilaga aliwahi kulizeesha. Chini yake, mahali shina linapokutana na maiti ile, palikuwa pamevimba, kijani, kigumu, mfano wa punje ya maharage.

Subilaga aliweka kidole kwenye kioo, upande wake, sawasawa na pale palipovimba.

"Mama, yako mangapi hivyo?"

"Matatu. Yote ya kaburini, upande wa huku kwenu." Mwanamke mzee alimtazama binti yake usoni, akaona kinachotokea pale, na midomo yake ikaanza kumsaliti. "Mtu anakuletea ua bovu halafu unacheka?"

"Limenyauka, mama."

"Limenyauka kabisa!"

"Limenyauka!"

Walicheka mpaka kioo kikaingia ukungu pande zote mbili, na Tweve akaja mbio na ndoo yake akidhani kuna mtu analia. Mama ndiye aliyepangusa kwanza, kwa ncha ya kitenge. Subilaga akapangusa upande wake. Bati lilikuwa palepale, mwendo wa saa moja.

"Basi rudi kazini," mama akamwambia. "Huwezi kumaliza ukisimama hapa."

Akarudi mezani. Akafungua tabaka la saba, akapima upana wa jana, akapunguza unywele mmoja.